Muwasho Usiotoka kwa Sabuni

Nyumba ya madobi haina utulivu. Maji yanamwagika, brashi inasugua kola, pasi inapumua mvuke, na watu wanabishana. Katika nyumba hii walibishana kuhusu kila kitu. Nguo zipi zianikwe kwanza. Nani kaacha bomba wazi. Shuka la nani lina doa la mafuta. Ukipita barabarani asubuhi ungedhani wanapigana, kumbe wanafanya kazi.

Waliofanya kazi humo walikuwa watatu. Mume aliitwa Dobi na kila mtu, hata na mama yake mzazi. Kazi yake ilikuwa uani: kuloweka, kufua, kusuuza na kuanika. Dada yake Dobi alikaa chumba cha mbele, akipokea nguo na kuzikabidhi. Watu walimwita Bi Kaunta, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa alipozaliwa. Mke wa Dobi alikuwa chumba cha kati, kwenye meza ya pasi. Huyo ndiye Mama Pasi, na hadithi hii ni yake.

Mama Pasi hakuwa mtu wa kusukumwa. Alijua kunyoosha shati la mikono mirefu bila kuacha mkunjo hata mmoja begani. Wateja waliwapita madobi wengine wakaja kwake kwa sababu ya mkono wake. Yeye alijua hivyo, wala hakuficha kwamba anajua.

"Nguo ikifuliwa vibaya, pasi yangu itaisitiri," alipenda kumwambia mumewe. "Ikipigwa pasi vibaya, nani ataisitiri?"

"Basi njoo ufue wewe, tuone," Dobi alimjibu kila siku. Walicheka, kazi ikaendelea.

Chumba cha pasi kilikuwa na joto kali. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na desturi yake. Anayefua anapata chai. Anayepiga pasi anapata soda, tena ya baridi, chupa ikae mezani tangu asubuhi. Mama mkwe ndiye aliyeianzisha desturi hiyo zamani, enzi za pasi ya mkaa. Alisema maji matupu hayarudishi nguvu. Wote waliiita chupa ya pasi. Ikiisha, inaletwa nyingine, na hakuna anayeuliza.

Mwaka huo Mama Pasi alianza kuwashwa.

Alianza kuwashwa miguuni, chini ya magoti. Kisha mgongoni. Kisha chini ya matiti, mahali ambapo mtu hajikuni mbele za watu. Ngozi yake ikawa kavu, ukipitisha kucha inaacha mstari mweupe. Akijikuna anapata raha kidogo. Akiacha, inawasha kuliko mwanzo.

Sasa sikia kosa lake, na usimcheke sana. Mama Pasi na mumewe walikuwa wamepambana na uchafu maisha yao yote. Kwao, kitu kisichotoka kwa sabuni kidogo kitatoka kwa sabuni nyingi. Kikigoma, kitiwe kwenye maji ya moto. Kikigoma tena, iletwe brashi. Basi Mama Pasi akaanza kuifua ngozi yake. Alioga maji ya moto mpaka bafu lote likajaa mvuke. Alijisugua kwa mche wa sabuni ya kufulia. Alitumia brashi ya kola. Ndiyo, brashi ya kola! Siku moja akavuka mpaka kabisa. Alimimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe kwenye ndoo yake ya kuogea.

Alitoka bafuni akipiga kelele. Dobi akaja mbio, mikono imejaa povu.

"Umefanya nini?"

"Nimejiloweka!"

"Umejiloweka? Kwani wewe ni soksi?"

Ngozi ilikuwa inauma kama imeungua. Dobi akammwagia maji safi ya baridi, mengi, mpaka maumivu yakapungua. Dawa ile ni ya nguo. Haifai kwa ngozi ya mtu hata tone, na wewe unayesoma usijaribu.

Baada ya hapo wakaanza kutafuta mchawi, na mchawi wa kwanza akawa sabuni. Dobi akabadilisha sabuni ya unga. Muwasho ukabaki. Wakachemsha mashuka yote ya nyumbani. Ukabaki. Wakaacha kutia wanga wa kusimamisha kola. Wateja wakalalamika kwamba kola zimelala, na muwasho ukabaki palepale.

Kulikuwa na mambo mengine pia, lakini kila jambo lilipata kisingizio. Mama Pasi alikuwa na kiu isiyokatika. Akasema ni joto la pasi. Alikwenda haja ndogo kila mara. Akasema ni soda. Alichoka kabla ya mchana. Akasema ni kusimama. Sketi zilimlegea kiunoni. Akasema afadhali, nilikuwa nimezidi. Ncha ya pasi ilimuunguza kidogo mkononi, na kidonda kikakaa wiki nyingi bila kufunga. Akasema mkono wa kazi haupumziki, utaponaje? Chumba kile cha pasi kilikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yote yalikuwa ya kubuni.

Kulikuwa na mteja mmoja aliyeleta mashati meupe tu. Walimwita Bwana Mashati. Alikuwa mtu wa kukagua vifungo kimoja kimoja kabla ya kuondoka. Siku hiyo, akiwa kwenye kaunta, alichungulia chumba cha kati. Akamwona Mama Pasi ameegemea meza, anajikuna mguu kwa mguu mwingine, macho amefumba. Bwana Mashati akakunja uso. Akamnong'oneza Bi Kaunta, akachukua mashati yake yote, hata yaliyokuwa hayajafuliwa, akaenda zake.

Bi Kaunta akaingia chumba cha pasi. Aliufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wifi, tuzungumze."

"Zungumza. Masikio ndiyo pekee hayawashi."

"Bwana Mashati ameondoka. Anasema hawezi kuvaa shati lililoshikwa na mtu mwenye upele."

Mama Pasi akainua pasi juu. "Nani ana upele?"

"Unajikuna, wifi. Watu wana macho. Leo ameondoka huyo, kesho wataondoka wengine. Mimi ndiye ninayekaa pale mbele, mimi ndiye ninayeulizwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukae nyumbani kwanza. Nimeshazungumza na mpiga pasi mwingine. Ataanza Jumatatu."

Ilikuwa Jumatano. Mama Pasi akaiweka pasi mahali pake taratibu, maana alijua akiishika zaidi ataitupa. Miaka yote hiyo amesimama kwenye meza ile. Alisimama pale akiwa na mimba za watoto wake. Alisimama pale siku mama mkwe alipoishiwa nguvu, akaikabidhi pasi kwake, si kwa binti yake wa kumzaa. Leo anaambiwa aondoke kwa sababu mtu wa vifungo amekunja uso!

"Baba watoto!" akaita. "Njoo hapa!"

Dobi akaja, akasimama mlangoni.

"Dada yako ananifukuza. Na wewe umo?"

Dobi akatazama miguu yake iliyolowa. "Mimi nasema... ungepumzika kidogo tu."

Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya wifi yake. Machozi yalimjia, akayameza.

"Haya, nisikilizeni," akasema. "Kwenye meza hii siondoki. Jumatatu mleteni huyo mtu wenu, na mlete na wa kunibeba. Kwa miguu yangu sitoki!"

"Hodi jamani!" sauti ikatoka mbele. "Nimepiga hodi mpaka nimechoka. Leo mmegombana vizuri kweli."

Alikuwa Muuguzi wa kituo cha afya cha jirani, amefuata sare zake za kazi. Wote walimfahamu. Mama Pasi akafungua mlango, akamvuta ndani kwa mkono.

"Wewe ni mtu wa afya. Tazama miguu hii, kisha useme mbele ya hawa wawili. Mimi nina upele?"

Muuguzi akachuchumaa. Hakuogopa kuugusa mguu. Aliushika, akaugeuza huku na huku.

"Ngozi imekauka mno. Unaiosha kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Ya kuogea?"

Dobi akakohoa. "Ya kufulia. Na brashi."

"Na ile dawa ya kung'arishia nguo, mbona hiyo humtajii?" Bi Kaunta akachomekea.

Muuguzi akatikisa kichwa. "Sasa niambieni. Dobi, mnalala kitanda kimoja. Wewe unawashwa?"

"Hata kidogo."

"Watoto je?"

"Hakuna anayewashwa."

"Upele huhama haraka kwa wanaolala pamoja. Siwezi kukata shauri kwa kutazama tu, lakini nina wasiwasi na kitu kingine." Akanyoosha kidole kuelekea chupa iliyokuwa mezani. "Hiyo ya ngapi leo?"

"Hiyo ni chupa ya pasi," Mama Pasi akasema.

"Sijauliza jina lake. Ya ngapi?"

Mama Pasi akapandisha mabega. Hakuwahi kuhesabu.

"Una kiu sana siku hizi?"

"Simama wewe hapa na pasi, tuone kama hutapata kiu."

"Haja ndogo unakwenda mara nyingi?"

"Muuguzi! Mbele ya mume wangu?"

"Mume ndiye anayejua," Dobi akasema. "Hanipi usingizi kwa kuamka."

Muuguzi akautazama mkono wenye kidonda. Akauliza kina muda gani. Alipojibiwa, akasimama. "Njoo kituoni kesho asubuhi. Upimwe sukari."

"Sukari!" Mama Pasi akacheka kwa hasira. "Miguu inawasha, nipimwe sukari? Mtu akija hapa na suruali iliyochanika, mimi nimpigie pasi?"

"Kisukari kisipotibiwa, ngozi nayo huumia. Kwa watu wengine muwasho huja mapema, kabla hawajajua wanaumwa."

"Kwetu hakuna mwenye kisukari. Na mimi si mnene. Tazama sketi hii, inanivuka."

"Kupungua bila kutaka nako ni dalili."

"Basi kila kitu ni dalili! Nikipiga chafya, dalili. Siendi."

Muuguzi alikuwa mwerevu. Alimtazama Mama Pasi, akabadilisha maneno. "Sawa. Usije kwa ajili ya sukari. Njoo kwa ajili ya upele. Kama huna, daktari atasema huna, na meza yako utabaki nayo."

Mama Pasi akamtazama wifi yake, akaitazama meza.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema. Usile kitu, wala usinywe soda. Maji matupu tu."

"Na huyu atakuja na mimi." Alimwonyesha Bi Kaunta. "Ameniita mwenye upele. Jibu alisikie yeye mwenyewe."

Asubuhi wakakaa benchi moja kituoni, kila mmoja akitazama upande wake. Jina la Mama Pasi lilipoitwa, akaingia. Daktari akamkagua taratibu chini ya taa. Alitazama viganja, katikati ya vidole, kiuno, miguu, na chini ya matiti.

"Huu si upele," akasema. "Ngozi imekauka, tena umeiumiza kwa kuisugua. Hapa chini ya matiti kuna fangasi, tutakupa dawa ya kupaka. Huwezi kumwambukiza mtu muwasho huu kwa kumpigia shati lake pasi."

Mama Pasi hakungoja hata kufunga vifungo vyote vya blauzi. Akafungua mlango.

"Wifi! Umesikia?"

"Nimesikia," Bi Kaunta akasema chini chini.

"Umesikia nini?"

"Si upele."

"Kwa sauti! Jana ulikuwa na sauti."

"Si upele!" Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mama Pasi alijisikia mrefu kama mlingoti. Laiti siku ile ingeishia hapo.

Muuguzi akamrudisha ndani. "Bado kidole." Akamchoma kidogo kwenye ncha ya kidole, akachukua tone la damu, akaliweka kwenye mashine ndogo. Wakangoja. Muuguzi akasoma, akamwonyesha daktari.

"Sukari iko juu," daktari akasema. "Kwa mtu ambaye hajala chochote, haitakiwi kufika hapa."

"Mashine yenu mbovu."

Muuguzi hakukasirika. "Ndiyo maana tunarudia kipimo ili kuthibitisha. Njoo tena kesho, hujala."

Mama Pasi akarudi kesho yake, kifua mbele, tayari kuishinda mashine. Ilikuwa mashine nyingine kabisa, yeye mwenyewe ndiye aliyeidai. Nayo ikasema vilevile.

"Mama, una kisukari," daktari akamwambia.

Aliogopa. Sitaki kukudanganya kwamba hakuogopa. Alimfikiria mtu wa mtaani kwao aliyekatwa mguu, akawafikiria watoto wake. Bi Kaunta, aliyekuwa ameketi pembeni, akasogea karibu.

"Kwa hiyo nimekwisha," Mama Pasi akasema.

"Nani kasema umekwisha?" Muuguzi akavuta kiti. "Wanaoumia sana mara nyingi ni wale wanaochelewa kujua, au wanaojua na kukaidi dawa. Wewe umejua. Kama unataka kukaidi, ukaidi ugonjwa."

"Nieleze basi. Sukari iko kwenye damu, mbona mimi nawashwa miguu?"

"Mwili ukishindwa kutumia sukari vizuri, sukari inajaa kwenye damu. Figo zinajaribu kuitoa kwa mkojo, na mkojo huo unatoka na maji mengi ya mwili. Ndiyo maana una kiu. Ndiyo maana ngozi inakauka, na ngozi kavu inawasha. Fangasi nao hupenda penye unyevu na sukari. Tena kisukari kikikaa muda mrefu, mishipa inaumia, damu haifiki vizuri miguuni."

"Kwa hiyo ni ile chupa ya pasi."

"Si chupa peke yake. Kuna urithi, kuna umri, kuna mambo mengi. Lakini ulikuwa na kiu kwa sababu ya sukari, ukawa unaizima kwa sukari nyingine."

Mama Pasi akafikiri kidogo. "Na mimi nikajisugua kwa brashi," akasema. Kisha akacheka, machozi yakiwa bado machoni.

Bi Kaunta alikuwa ameanza kujikuna shingo. "Muuguzi, mbona na mimi nawashwa sasa?"

"Wewe ni woga tu. Si kila anayewashwa ana kisukari. Wengine ni ukavu, wengine ni sabuni, wengine ni upele kweli. Lakini muwasho usioisha, hasa ukija pamoja na kiu, haja ndogo za mara kwa mara, uchovu, kupungua, macho kuona ukungu au kidonda kisichopona, huo usiukalie. Kapime. Ni tone moja tu la damu."

Walimsafisha kidonda, wakakifunga. Daktari akampa vidonge na tarehe ya kurudi. Wakaondoka. Njiani Bi Kaunta alimshika wifi yake mkono kwa huruma nyingi, kama anamvusha mzee.

"Wifi yangu, pole. Sasa ndiyo ukae nyumbani kabisa. Kazi hii huiwezi tena."

Mama Pasi akasimama katikati ya njia.

"Juzi ulinitoa kwa sababu naambukiza. Leo unanitoa kwa sababu unanihurumia. Huruma yako na kufukuza kwako vinanipeleka mlango uleule! Muuguzi kasema niache kazi?"

"Hakusema."

"Kasema nini?"

"Kasema... uvae viatu vya kufunika miguu na usiungue tena."

"Basi. Huyo ndiye ninayemsikiliza."

Jioni hiyo aliita kikao. Alisimamisha chupa ya pasi katikati ya meza, akaitazama kama anavyotazama doa la wino.

"Kuanzia leo soda haiingii chumba cha pasi. Maji."

"Mama alisema maji hayarudishi nguvu," Dobi akasema.

"Mama hakupimwa."

"Utaanguka kwa joto."

"Nikianguka, niokote. Mume ni wa nini?"

Dobi akashindwa na hilo. Kisha akasema jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumatano. "Siku ile nilikosea. Ungesimama wewe mahali pangu, ungenitetea."

"Ningekutetea mpaka mtaa wa pili," Mama Pasi akasema. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini ilianza kupoa.

Nyumba ikabadilika, na haikubadilika kwa upole. Sahani zilipangwa upya. Nusu ya sahani mboga za majani. Robo wali au viazi. Robo maharage, samaki au yai. Dobi alilalamika kwamba analishwa kama sungura. Akaambiwa sungura hafui nguo, ale anyamaze. Chai ikanywewa bila sukari, na kwa wiki nzima Dobi aliinywa amefumba macho.

Brashi ya kola ikarudi kwenye kola. Mama Pasi alioga maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, kwa sabuni laini ya kuogea. Alijikausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, hasa chini ya matiti na katikati ya vidole. Kisha alipaka mafuta yasiyo na manukato, lakini katikati ya vidole vya miguu hakupaka, maana unyevu hapo huita fangasi. Nguo za wateja wa karibu alizipeleka mwenyewe kwa miguu, ili mwili utembee. Kila jioni Dobi alimkagua nyayo. Kazi hiyo aliiweza vizuri sana. Mtu aliyezoea kutafuta madoa kwenye mashuka hapitwi na mchubuko.

Mteja mmoja alimletea unga wa majani, akaapa kwamba unamaliza kisukari kwa wiki moja. Mama Pasi akamrudishia. "Unga huu umeupima wapi?" akauliza.

Baada ya miezi michache muwasho ukaisha. Kidonda kikafunga. Sukari ikashuka mpaka pale daktari alipopataka. Dobi akafurahi, akasema, "Umepona. Acha sasa vidonge."

"Muwasho umeondoka, kisukari hakijaondoka," Mama Pasi akamjibu. "Nikiacha vidonge kitarudi juu. Unataka nirudi kwenye brashi?"

Lakini nimeruka mbele. Turudi kwenye Jumatatu ile, maana siku hiyo muwasho ulikuwa bado upo, na meza ilikuwa bado haina mwenyewe.

Mpiga pasi mwingine alikuwa aje saa mbili. Mama Pasi aliamka kabla ya wote. Alimwita Dobi, wakashika meza ya pasi, mmoja huku na mwingine kule, wakaitoa chumba cha kati. Hawakuipeleka stoo. Waliipeleka chumba cha mbele, karibu na dirisha linalotazama barabara, mahali ambapo kila apitaye atamwona.

Bi Kaunta akaingia, akashika kiuno. "Wifi, hapa? Mbele ya watu wote?"

"Hapahapa. Wanaotaka kuchungulia wasipate tabu. Na huyo mtu wako akija, utamwambia nini?"

Bi Kaunta akakaa kwenye kiti chake, akapanga vipande vya namba za nguo, akavipangua, akavipanga tena. Mpiga pasi mwingine alipofika, Bi Kaunta akakutana naye mlangoni, wakazungumza kidogo, yule akaenda zake.

Saa nne akaja Bwana Mashati. Mikononi alikuwa na mashati yaleyale meupe. Huko alikoyapeleka yalikuwa yamerudi na mikunjo mabegani. Alimwona Mama Pasi dirishani, akasita, akaisogelea kaunta.

"Nasikia si upele," akasema kwa sauti ya chini. "Nasikia ni sukari."

"Ni kisukari," Mama Pasi akasema, kwa sauti ya kusikika barabarani. "Nimepimwa. Kiko kwenye damu yangu, hakiendi kwenye shati lako. Uliza chochote."

Bwana Mashati akamgeukia Bi Kaunta. "Hata hivyo, mimi ningependa yangu yapigwe na mtu mwingine."

Dobi alikuwa amesimama mlango wa uani na ndoo mkononi. Bi Kaunta, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumrudisha mteja, aliyatazama mashati. Kisha akayasukuma, yakarudi mpaka kifuani kwa mwenyewe.

"Hatuna mtu mwingine," akasema.

"Lakini nyinyi mlikuwa mna..."

"Hatuna. Mpiga pasi wetu ni huyu. Kama hakufai, mlango ni huo."

Mama Pasi akamtazama wifi yake.

"Yapokee, wifi," akasema. "La kwanza nipe sasa hivi. Wewe bwana simama hapo hapo, utazame."

Akalinyunyizia maji. Akaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono. Alikuwa anawashwa mguu, na hakujizuia. Aliuegemeza mguu mmoja kwa mwingine, akajikuna kidogo mbele ya macho ya mwenye shati, akaendelea. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama dirishani. Alipomaliza, akalinyanyua shati juu kwenye mwanga, likiwa jeupe na limenyooka, bado la moto. Akampa.

"Vaa," akasema.

Bwana Mashati akalitazama shati, akawatazama watu waliokuwa dirishani, akamtazama Mama Pasi. Kisha akavua koti lake, akaliweka juu ya kaunta, akalivaa lile shati.